Kilomita 150 kila siku: je, ninunue gari lipi?

Ndugu Mshauri,

Nimepata kazi mpya katika mji mwingine, na kwa kuwa watoto wanasoma hapa tunapoishi na mume wangu ana shughuli zake hapa hapa, tumekubaliana kwamba familia isihame. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa nikiendesha gari kilomita 75 kwenda na 75 kurudi, siku tano kwa wiki. Sehemu kubwa ya safari ni barabara kuu ya njia nne ambako magari hukimbia kati ya kilomita 100 na 120 kwa saa, na zile kilomita chache za mwisho, ninapoingia mjini, ni foleni. Nitakuwa naondoka kabla ya mapambazuko, na mara nyingi nitarudi giza limeshaingia.

Gari tulilo nalo analitumia mume wangu kwa kazi zake, kwa hiyo sina budi kununua langu, na uwezo wa kununua gari jipya sina. Baada ya kuzunguka sana nimebakiwa na magari matatu. La kwanza ni gari dogo la milango mitano lenye injini ya petroli ya lita 1.0 isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) na gia tano za mkono. Limetembea kidogo sana, bei yake ndiyo ya chini kuliko zote, na kila ninayemuuliza ananiambia kwamba injini ndogo haili mafuta. La pili ni la shemeji yangu. Ni SUV ya petroli ya lita 2.0, ambayo yuko tayari kuniuzia kwa bei ya kindugu na kunivumilia nimalizie kulipa polepole. Yeye anashikilia kwamba barabara kuu inataka gari zito, kwa sababu gari jepesi huyumbishwa na malori yanapopita. La tatu ni saluni ya dizeli ya lita 1.6, gia sita za mkono, yenye umri wa miaka minne, ambayo ilikuwa ikitumiwa na kampuni moja. Hiyo ndiyo niliyoipenda, ila imekwisha kutembea kilomita 130,000, na mume wangu anasema tutakuwa tunanunua uchovu wa watu wengine.

Wenzangu nao wananishauri nisiharakishe, nisubiri nipate haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, au gari la umeme. Sisi tunaishi katika nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, na magari hulala nje kando ya barabara. Nikuongezee pia kwamba nina mgongo unaonisumbua nikikaa kwa muda mrefu. Naomba unisaidie kuamua, kwa maana kila ushauri ninaoupata unapingana na ule wa jana.

Ni mimi,
Msafiri wa Alfajiri

Dada Msafiri,

Hongera kwa kazi mpya. Chukua kalamu kwanza tufanye hesabu moja, kwa sababu ushauri mwingi uliopewa ni mzuri kwa mtu anayeendesha gari mjini, na wewe si mtu huyo tena. Ukifanya kazi wiki 46 kwa mwaka, kilomita 150 kwa siku zinakuwa kilomita 34,500, kabla hujahesabu safari za sokoni wala za kuwaona wazazi. Mwendeshaji wa kawaida huchukua takriban miaka miwili kufika hapo. Maana yake ni kwamba tofauti ya lita moja tu ya mafuta kwa kila kilomita 100, ambayo jirani yako anaweza kuipuuza, kwako wewe ni lita 345 kila mwaka, na gari linalotaka servisi kila baada ya kilomita 10,000 litakuwa gereji mara tatu au nne kwa mwaka badala ya mara moja. Bei ya kununulia, ambayo naona ndiyo inayokukosesha usingizi, utailipa mara moja. Mafuta, matairi na maumivu ya mgongo utayalipia kila wiki.

Jambo la pili la kuelewa ni upepo. Mjini mafuta huishia katika kuondoka na kusimama, lakini gari likishafika kilomita 100 kwa saa na kutulia hapo, kazi kubwa ya injini ni kusukuma hewa iliyo mbele yake. Nguvu ya hewa kulikinza gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, na ndiyo sababu ukipandisha mwendo kutoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa, upinzani huo huongezeka kwa asilimia 44. Unachopata badala yake ni kidogo: hata kama kilomita zote 75 zingekuwa wazi, ungefika kwa dakika 37 na nusu badala ya dakika 45. Kwa hiyo umbo la gari na mguu wa dereva vina uzito kuliko namba ya lita iliyoandikwa nyuma ya buti. Na usitegemee mno takwimu za mafuta zilizo katika vijitabu vya watengenezaji. Jaribio la WLTP, kipimo rasmi cha ulaji wa mafuta ambacho Umoja wa Ulaya ulianza kukitumia mwaka 2017, lina mwendo wa wastani wa takriban kilomita 46 kwa saa ukilipima kutoka mwanzo hadi mwisho, na huo si mwendo wako.

Sasa tuje kwenye lile gari dogo. Waliokuambia kwamba injini ndogo haili mafuta hawakukudanganya. Wamesahau tu kuuliza unakwenda wapi. Saluni ya kawaida yenye uzito wa tani moja na nusu, ikienda kilomita 110 kwa saa kwenye tambarare, inahitaji takriban kilowati 15 hivi, yaani kama nguvu za farasi 20, na hizo hata injini ya lita 1.0 inazo za kutosha. Shida huanza mlimani. Mteremko wa asilimia 5 ukiupanda kwa mwendo uleule unadai kilowati nyingine 22 juu ya zile za mwanzo. Gari dogo ni jepesi, kwa hiyo deni lake ni pungufu kidogo, lakini injini isiyo na turbo hutoa nguvu zake zote ikizunguka kwa kasi kubwa tu, hivyo itakubidi urudishe gia ya nne au hata ya tatu, ukanyage hadi chini, na usikilize injini ikilia huku lori lililo nyuma yako likikuwashia taa. Hata kwenye tambarare, injini za magari ya aina hiyo yenye gia tano mara nyingi huzunguka karibu mara 3,500 hadi 4,000 kwa dakika kwenye mwendo wako, wakati dizeli ya gia sita inaweza kuwa chini kidogo au juu kidogo ya 2,000. Kelele hizo utazivumilia kwa siku moja, si kwa mwaka mzima. Gari hilo lingekuwa jibu zuri kama kazi ingekuwa mtaa wa pili.

Shemeji yako ana nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba uzito husaidia gari kutulia, lakini gari lililoinuka lina ubavu mpana wa kupigwa na upepo na kitovu cha uzito kilicho juu, kwa hiyo kile anachokipata kwa kilo anakipoteza kwa kimo. Gari la chini lenye umbali mrefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hutulia vizuri zaidi lori linapopita. Tena kifua kile kipana cha SUV, pamoja na umbo lake, mara nyingi hukutana na upinzani wa hewa unaozidi ule wa saluni kwa theluthi moja au zaidi, na wewe utaulipia upinzani huo kwa takriban saa mbili kila siku. Tukikadiria kwamba SUV ya petroli ya lita 2.0 itakula lita 9.5 kwa kilomita 100 na saluni ya dizeli lita 5, tofauti yake kwa mwaka ni zaidi ya lita 1,500. Zidisha kwa bei ya lita kituoni kwenu, kisha uangalie kama ile bei ya kindugu bado ni ya kindugu. Matairi makubwa ya magari hayo nayo ni ghali zaidi, na kwa mwendo wako seti moja ya matairi haitakaa sana zaidi ya mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Inabaki saluni, na mimi ningechukua hiyo, kwa masharti nitakayoyataja. Hofu ya mume wako ina msingi, ila ameielekeza mahali pasipo pake. Kilomita hazifanani. Gari lililotembea kilomita 130,000 kwa miaka minne limekwenda zaidi ya kilomita 32,000 kwa mwaka, na ni vigumu kufikisha hesabu hiyo kwa kuzunguka mjini. Gari hilo limeishi barabara kuu. Huko injini huwa imepata moto wake wa kawaida, klachi hukanyagwa mara chache, breki hazishikwi kila baada ya mita mia, na giaboksi hukaa kwenye gia moja kwa muda mrefu. Gari dogo unalolisifia kwamba limetembea kidogo huenda limewashwa na kuzimwa mara nyingi zaidi kuliko hili, kila mara injini ikiwa baridi, na injini ikiwa baridi ndipo husagika zaidi.

Dizeli yenyewe pia inakufaa kwa sababu ambayo wauzaji hawaielezi vizuri. Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni yana kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi katika joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi, na ili lifikie joto hilo na kulishikilia, gari linahitaji mwendo wa kutosha kwa muda wa kutosha. Anayeendesha kilomita tatu kumpeleka mtoto shule hawezi kulipatia gari lake nafasi hiyo, kichujio kinaziba, na ukarabati wake si wa bei ndogo. Wewe utalipatia nafasi hiyo mara mbili kwa siku. Nina ombi moja tu hapa: gari hili lisigeuzwe kuwa la kununulia mkate wakati wa wikendi, kwa maana nimeshaona familia zikinunua dizeli kwa ajili ya safari ndefu na kuishia kuitumia kwa vijisafari. Hakikisha vilevile kwamba mji unaofanyia kazi hauna sheria inayozuia dizeli za viwango vya zamani kuingia katikati, kwa sababu miji kadhaa duniani imekwisha kuweka vizuizi hivyo.

Kuhusu haibridi, wenzako hawajakosea kabisa. Haibridi hukusanya umeme pale unapofunga breki na kuutumia unapoondoka, kwa hiyo faida yake kubwa iko kwenye zile kilomita chache za foleni, wakati kwenye barabara kuu, ambako breki haziguswi, inabaki kuwa gari la petroli lenye injini nzuri. Ukipata saluni ya haibridi iliyo chini, kwa bei ya hiyo dizeli, ichukue bila kujuta. Kusubiri miezi sita ukiitafuta sioni sababu.

Gari la umeme lingekuwa tamu kwa safari hii kuliko yote, kwa utulivu wake na kwa wepesi wake wa kupanda milima, lakini nyumba yenu inalikataa. Kwa mwendo wa barabara kuu, kilomita 150 zitakula takriban kilowati-saa 30. Soketi ya kawaida ya nyumbani yenye kilowati 2.3 ingehitaji kama saa 13 kurudisha umeme huo, ilhali wewe huenda unakaa nyumbani saa 11 tu kati ya kurudi na kuondoka; chaja ya ukutani ya kilowati 7 ingemaliza kazi hiyo kwa saa nne na kidogo. Ninyi hamna hata hiyo soketi, kwa kuwa gari linalala nje na ninyi mko ghorofa ya tatu. Kutegemea chaja za umma kila siku baada ya kazi, na bado una saa nzima ya kuendesha, ni adhabu. Na kama siku moja mtahama, ukumbuke kwamba dhamana nyingi za betri huandikwa miaka 8 au kilomita 160,000, lolote litakalotangulia, na wewe ungezimaliza kilomita hizo katika mwaka wa tano.

Sasa mgongo, ambao umeutaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Kwangu hilo ndilo la kwanza, na lina uwezo wa kuiangusha saluni niliyokwisha kuisifu. Usijaribu kiti kwa kuzunguka uwanja wa muuzaji. Omba kuendesha kwa dakika 40 mfululizo, na kama muuzaji hakubali, keti tu ndani ya gari lililosimama kwa muda huo huku ukiwa umevaa viatu unavyovaa kazini. Rekebisha kiti hadi magoti yako yabaki yamekunjika kidogo unapokanyaga klachi mpaka mwisho, na mabega yasibanduke kwenye kiegemeo unaposhika sehemu ya juu ya usukani. Kama usukani hausogei mbele na nyuma, watu wengi wafupi au warefu hawawezi kuyapata yote mawili kwa pamoja. Pitisha kiganja nyuma ya kiuno chako: pasiwe na uwazi unaoingiza ngumi. Kati ya ukingo wa kiti na sehemu ya nyuma ya goti ubaki upana wa vidole viwili au vitatu. Angalia pia pa kuegemeza mguu wa kushoto, kijukwaa ambacho hakuna anayekikumbuka dukani na ambacho mguu hukitafuta kwa saa nzima kila asubuhi. Mwisho, jaribu uzito wa klachi kwenye foleni halisi, kwa sababu klachi nzito humfikia mwenye mgongo mbovu kabla ya kitu kingine chochote.

Ukiwa kwenye jaribio hilo, fika kilomita 110 kwa saa, zima redio, na uzungumze na mume wako kwa sauti ya mezani. Mkilazimika kupaaza sauti, basi mnasikia matairi na upepo, na kelele hizo huchosha hata pale sikio linapodhani limezizoea. Wakati mwingine tatizo ni matairi tu, hasa yaliyochakaa au yenye rimu kubwa za mapambo. Rimu za inchi 16 zenye tairi nene kwa kawaida ni tulivu na ni nafuu kuliko za inchi 18.

Kwa kuwa utaendesha gizani asubuhi na jioni, rudi kuliona gari usiku. Vioo vya taa vilivyofifia na kuwa vya njano hupunguza mwanga sana, ingawa fundi anaweza kuving'arisha. Ningependa gari liwe na kidhibiti mwendo, kile kinachoshikilia mwendo uliouchagua bila wewe kukanyaga mafuta, na bora zaidi kile kinachopunguza mwendo chenyewe gari la mbele likipunguza, pamoja na breki zinazojifunga zenyewe hatari inapotokea. Mfumo wa kuzuia gari kuteleza si wa kujadiliwa. Umoja wa Ulaya umeulazimisha kwa magari yote mapya tangu Novemba 2014, kwa hiyo gari la miaka minne lisilo nao lina maswali ya kujibu. Ukiona nyota za usalama za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, tazama na mwaka zilipotolewa, kwa sababu vipimo huongezewa ugumu na nyota tano za zamani si sawa na za sasa. Hata hivyo hakuna kifaa kitakachoendesha kwa niaba ya mtu aliyesinzia. Siku ambayo hukulala, egesha mahali salama ulale dakika 20, ukachelewe kazini.

Masharti yangu ya kuinunua saluni ni haya. Muuzaji aonyeshe kumbukumbu za servisi zenye tarehe na kilomita zinazopanda kwa mpangilio bila mapengo. Bila karatasi hizo, namba 130,000 ni maneno tu, maana odomita, kile kipimo cha kilomita, huweza kurudishwa nyuma. Uliza kuhusu mkanda wa taimingi, ule unaopanga valvu zifunguke kwa wakati wake: kama injini ina mkanda na siyo mnyororo, soma katika kitabu cha gari unabadilishwa baada ya kilomita ngapi au miaka mingapi, na kama muda umekaribia, gharama hiyo iondolewe kwenye bei, kwa kuwa mkanda ukikatika katika injini nyingi pistoni hugonga valvu na hapo hakuna mazungumzo tena. Mpelekee fundi wako, si wa muuzaji, akaiunganishe na kompyuta asome hali ya kichujio cha masizi na ya nozeli zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini. Wewe mwenyewe tazama boneti na kioo cha mbele. Alama ndogondogo za kokoto zinathibitisha maisha ya barabara kuu na zisikutishe, lakini mpira wa pedeli ya klachi uliolika hadi chuma na usukani uliong'aa kwa kushikwashikwa, katika gari linalodaiwa kutembea kidogo, ni ushahidi dhidi ya mwenye gari. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa kila tairi: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Kina cha mifereji ya tairi kikiwa chini ya milimita 3, hesabu seti mpya katika bei, ingawa sheria za nchi nyingi huruhusu kufika milimita 1.6.

Ukiitumia miaka minne itakuwa imekaribia kilomita 270,000. Dizeli iliyotunzwa hufika huko, ila ukiiuza usitarajie kupata pesa nyingi, na ni vyema mume wako alijue hilo leo kuliko siku hiyo.

Kuhusu shemeji, usimkatalie kwa maneno. Mwombe akuazime gari lake kwa siku mbili uende nalo kazini. Lijaze tangi kabla ya kuondoka, ulijaze tena kwenye pampu ileile baada ya siku hizo mbili, kisha ugawanye lita ulizoongeza kwa kilomita ulizokwenda na kuzidisha kwa 100. Mrudishie gari likiwa limejaa, umshukuru kwa ukarimu wake, na umkabidhi risiti aisome mwenyewe.